Basi, nyaya na kigari kidogo: jinsi ya kutambua mtaa na mwaka katika picha ya zamani

Swali: "Marehemu babu yangu alikuwa baharia katika meli za mizigo, na alituachia bahasha ya picha ambazo hazikuandikwa chochote nyuma. Nimekutumia tatu. Ya kwanza ina basi la ghorofa mbili lenye namba 11, na juu ya barabara kuna nyaya nyingi. Ya pili ina basi lenye kioo kikubwa cha mbele kilichobinuka, limesimama karibu na reli inayopita juu ya mtaa. Ya tatu ina basi lisilo na ghorofa, na watu wamesimama kwenye kibaraza cha wazi nyuma yake. Naomba unieleze: nitajuaje haya ni mabasi gani, mitaa hiyo ni ipi, na picha zilipigwa mwaka gani?"

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali hili, na nakushukuru zaidi kwa kuskani picha nzima pamoja na kingo zake na mgongo wake, maana watu wengi hukata kingo ili picha ipendeze, na kumbe ile robo ya gari iliyoingia pembeni kwa bahati ndiyo iliyobeba jibu. Katika picha yako ya kwanza mambo yamekuwa hivyo hasa, kama nitakavyokuonyesha.

Kwanza tukubaliane jinsi mwaka unavyotafutwa. Kila kitu kilichomo ndani ya picha kina siku kilipoanza kuonekana mtaani na siku kilipotoweka. Picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake, wala haiwezi kupigwa baada ya kutoweka kwa kile kilichotangulia kutoweka. Kazi yetu ni kuisogeza mipaka hiyo miwili mpaka ikaribiane. Wengi hulitambua basi, wakatafuta mwaka lilipoundwa, kisha wakauandika mwaka huo kana kwamba ndio mwaka wa picha. Lakini basi huishi miaka mingi kuliko watu wanavyodhani. Routemaster, basi la ghorofa mbili la London, lilianza kubeba abiria mwaka 1956, na likaondolewa katika njia za kawaida mwezi Desemba mwaka 2005. Anayesema "hili ni Routemaster" amekupa karibu nusu karne, na bado hajakupa mwaka.

Tuitazame picha ya kwanza kwa utulivu. Dereva amekaa peke yake katika kijumba kidogo upande wa kulia, ubavuni mwa injini. Rejeta iko wazi, imesimama wima mbele ya injini, na bawa la gurudumu limejipinda peke yake likiwa na taa kando. Nyuma, upande wa kushoto, hakuna mlango bali jukwaa la wazi lenye nguzo ya kushikilia. Umbo hilo ni la Uingereza, na rejeta ile pamoja na mpangilio wa madirisha vinaniambia kwamba ni basi la London la familia ya RT, yaani RT lenyewe lililotumia chesisi (fremu ya chini ya basi) ya kampuni ya AEC, au ndugu zake RTL na RTW waliotumia chesisi ya kampuni ya Leyland. Kama uso wa basi ungekuwa umefunikwa kwa upana wake wote, na grili ikakaa katikati ya kifuniko hicho, ungekuwa unatazama Routemaster. Na kama ubavuni katikati pangekuwa na dirisha moja fupi kuliko mengine, lingekuwa Routemaster refu, RML, lililoanza kuonekana mwaka 1961. RT la kwanza lilitoka mwaka 1939, mengi yakaundwa kati ya mwaka 1947 na 1954, na la mwisho likastaafu mwezi Aprili mwaka 1979. Kwa hiyo basi peke yake limetupa miaka 40.

Hapa ningependa kukutahadharisha kuhusu namba za magari, kwa kuwa najua utaikimbilia namba ya usajili ya basi hili. Namba ya usajili ya Uingereza ni shahidi mzuri: kwa miaka mingi herufi mbili za mwisho katika kundi la herufi tatu zilionyesha ofisi iliyosajili gari, kwa mfano KD ilikuwa ya Liverpool na ND ya Manchester, na kuanzia mwaka 1963 ikaanza kuongezwa herufi ya mwaka mwishoni. Lakini mabasi ya RT yalipopelekwa kufanyiwa matengenezo makubwa katika karakana ya Aldenham, bodi ilinyanyuliwa kutoka kwenye chesisi, kila sehemu ikaenda upande wake, na basi lililotoka likiwa na namba ileile mara nyingi lilikuwa na bodi nyingine kabisa. Kwa hiyo ukikuta picha mbili za RT lenye namba moja, moja ikiwa na kisanduku cha namba ya njia kilichochomoza juu ya paa na nyingine haina, usidhani kwamba mojawapo imeghushiwa. Namba ilibaki, mwili ulibadilika.

Sasa tuje kwenye namba 11. Njia hiyo kwa miongo mingi ilitoka Shepherd's Bush upande wa magharibi, ikapita Hammersmith, Chelsea, Victoria, Trafalgar Square na Strand, hadi Liverpool Street upande wa mashariki. Mabango ya njia ya London yalikuwa na fadhila kubwa: pamoja na namba yaliorodhesha sehemu ambazo basi lingepitia, na katika picha yako, nilipolikuza bango, nimesoma herufi VICT zikifuatwa na ukungu, ambazo bila shaka ni za Victoria. Bango hilo linathibitisha njia, ila halithibitishi kwamba picha ilipigwa Victoria. Mimi mwenyewe niliwahi kumhakikishia mtu kwamba picha ya babake ilipigwa karibu na kituo kilichoandikwa juu ya basi, nikasahau kwamba wahudumu mara nyingi waliuzungusha mkanda wa maandishi kabla ya kufika mwisho wa njia ili basi liwe tayari kwa safari ya kurudi. Mtaa halisi ulikuwa upande wa pili wa mji. Tangu hapo, bango la njia nalihesabu kuwa ni orodha ya mitaa inayowezekana, kisha natafuta ushahidi mwingine wa kuchagua mmojawapo.

Ushahidi huo katika picha yako uko angani. Tazama nyaya zilivyo: zimekwenda mbilimbili, zikiwa sambamba, jozi moja kwa kila upande wa barabara. Tramu huhitaji waya mmoja tu juu, kwa kuwa umeme hurudi kupitia reli. Gari lisilo na reli linahitaji nyaya mbili. Kwa hiyo hizi ni nyaya za trolibasi, yale mabasi ya umeme yenye fito mbili juu ya paa. Trolibasi za London hazikuwahi kupita Strand wala Trafalgar Square. Zilifika kwenye kingo za katikati ya jiji na kuishia huko. Njia ya 11 ilikutana nazo kwenye ncha zake, yaani upande wa Hammersmith na Shepherd's Bush, na kule mashariki karibu na Liverpool Street. Nyaya zako zinapishana na kukunja kona kuelekea pande kadhaa, jambo la makutano makubwa ya njia, na ndiyo maana naipa Hammersmith nafasi kubwa zaidi. Trolibasi ya mwisho ya London ilitembea tarehe 8 Mei 1962. Nyaya hazikuteremshwa zote siku moja baada ya huduma kufungwa, hivyo waya mtupu huacha nafasi ya miezi kidogo. Lakini nyuma ya lile basi, karibu na mnara wa saa, zinaonekana fito mbili zilizoinama zikiwa zimegusa nyaya. Gari lipo kazini. Mpaka wa mwisho wa picha yetu umekuwa Mei 1962.

Nafungua mabano madogo kuhusu tramu, kwa sababu huenda ukakutana nazo katika bahasha hiyo. Katikati ya London tramu hazikutumia waya wa juu. Zilichukua umeme chini ya ardhi kupitia mfereji, na alama yake ni mstari wa tatu mwembamba katikati ya reli mbili. Ukiona mistari mitatu na anga tupu, usiseme kwamba ni reli iliyoachwa. Na ukiona reli bila tramu, usiitumie kuweka tarehe, maana tramu zilikoma London mwezi Julai mwaka 1952 lakini reli nyingi zilibaki barabarani baadaye. Kinachothibitisha ni tramu yenyewe, ikiwa na abiria ndani.

Tukirudi kwenye picha, mbele ya foleni ya watu kuna milia myeupe iliyochorwa barabarani. Hiyo ni zebra, na vivuko vya namna hiyo viliwekwa kisheria nchini Uingereza mwaka 1951, hivyo mpaka wa mwanzo umepanda kutoka mwaka 1939 hadi 1951. Kisha, pembeni kabisa kulia, kwenye ule ukingo ambao mtu mwingine angeukata, kuna sehemu ya mbele ya kigari kidogo sana, magurudumu yake yamekaa kwenye pembe za mwisho za bodi na ni madogo kiasi cha kushangaza. Hiyo ni Mini, iliyozinduliwa mwezi Agosti mwaka 1959 ikiwa na magurudumu ya inchi 10. Hakuna gari jingine la wakati ule lenye uwiano huo. Kwa kigari hicho kimoja, picha ya babu yako imetoka kwenye miaka 40 na kuingia katika miezi isiyozidi 33, kati ya Agosti 1959 na Mei 1962.

Tunaweza kusogea zaidi, kwa kuwa jua lilikuwa limewaka. Saa ya mnara inaonyesha saa sita na dakika ishirini mchana, na kivuli cha yule mwanamke mwenye koti refu kinauzidi urefu wake takriban mara tatu. Katika latitudo ya London, jua la adhuhuri katikati ya kiangazi hupanda kiasi cha nyuzi 62, na kivuli cha mtu huwa kama nusu ya urefu wake. Katikati ya majira ya baridi jua hupanda nyuzi 15 tu, na kivuli hukaribia mara nne. Mara tatu ni Novemba au Januari, na makoti yanakubaliana na hesabu hiyo. Tuna majira ya baridi matatu ya kuchagua. Zaidi ya hayo, kivuli cha adhuhuri huko huelekea kaskazini, hivyo umepata dira: chukua ramani ya zamani ya Ordnance Survey, yaani idara ya ramani ya Uingereza, tafuta kwenye makutano hayo barabara inayokaa kwa pembe ileile na kivuli, na utajua mpiga picha alisimama upande gani.

Baada ya hapo ndipo ulinganishe majengo, na ukifanya hivyo inua macho. Maduka ya chini hubadilika kila baada ya miaka michache, vioo hupanuliwa, vibao hung'olewa. Lakini ghorofa ya pili, mapambo ya juu ya madirisha, mabomba ya moshi na mstari wa paa hubaki kwa vizazi. Picha za mitaa zinazopatikana leo kwenye intaneti zitakusaidia sana ukilinganisha mapaa, na zitakupotosha ukilinganisha maduka. Maduka yana kazi nyingine: ukisoma majina mawili yanayofuatana, hata nusunusu, nenda kwenye saraka za mitaa za miaka hiyo, ambazo ziliorodhesha wapangaji nyumba kwa nyumba na kuonyesha mahali kila barabara ya pembeni inapoingia. Jina moja linaweza kuwepo katika mitaa 20. Majina mawili jirani, kwa mpangilio uleule, karibu kila mara yanaelekeza mahali pamoja, na mwaka ambao mmoja wao anatoweka kwenye saraka huwa mpaka mwingine wa tarehe.

Picha ya pili ni ya Marekani au Kanada. Kioo cha mbele kilichobinuka na kuungwa kwa vipande, pamoja na madirisha ya ubavuni yaliyolala kama yanakimbia, ni sura ya basi la General Motors lililoitwa New Look, lililoanza kuundwa mwaka 1959 na ambalo watu walilipa jina la bakuli la samaki. Kampuni ya Flxible nayo iliunda basi linalofanana nalo sana, kwa hiyo usihitimishe kabla ya kusoma jina lililo usoni mwa basi. Mabasi haya yalisambaa katika miji mingi mno kiasi kwamba hayawezi kukutajia mji. Reli ya juu inaweza. New York inakuja akilini haraka, lakini reli ya juu ya Third Avenue katika Manhattan ilifungwa mwezi Mei mwaka 1955, miaka minne kabla ya basi hili kuwepo. Hivyo, kama ni New York, ni nje ya Manhattan ya kati. Chicago ina dai zuri zaidi, na ndani ya picha kuna kitu cha kulijaribu dai hilo: namba 3152 iliyoandikwa kwenye kioo cha mlango wa duka.

Chicago ilipanga upya namba za nyumba zake kuanzia mwaka 1909, kwa kipimo kimoja kinachoanzia makutano ya State na Madison, na kwa kawaida namba 800 huhesabiwa kuwa maili moja. Namba za shufwa hukaa upande wa kaskazini au wa magharibi wa barabara, na namba za witiri upande wa kusini au wa mashariki. Kwa kanuni hiyo, ukienda kaskazini au magharibi, 3152 iko karibu maili nne kutoka kitovu. Upande wa mashariki tunauweka kando, kwa kuwa sehemu kubwa ya huko ni ziwa. Tukienda kaskazini, tunafika karibu kabisa na Belmont Avenue, ambayo iko kwenye mstari wa 3200, na huko reli ya juu inapita. Hilo ndilo wazo ninalokupa ulichunguze kwa kutumia ramani za bima za Sanborn, zilizochora kila jengo, idadi ya ghorofa zake na vifaa lilivyojengwa navyo. Nimevutiwa pia na gari lililoegeshwa mbele ya basi: bamba la namba la Marekani kwa kawaida huandikwa jina la jimbo, na kwa miaka mingi liliandikwa na mwaka pia. Ukiweza kulisoma, maswali mawili yatakuwa yamejibiwa kwa pamoja.

Picha ya tatu hainipi shida. Basi lenye pua ndefu na kibaraza cha wazi nyuma, ambako abiria walisimama wakitazama barabara wanayoiacha, ni Renault la aina ya TN, la Paris, lililoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuondolewa mwaka 1971. Nyuma yake kuna Citroën DS, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba mwaka 1955, hivyo picha iko kati ya hapo na mwaka 1971. Kwa mtaa, tafuta kibao ukutani: vibao vya Paris ni vya bluu, maandishi meupe, fremu ya kijani, na juu ya jina huwekwa namba ya wilaya ya jiji. Kama jina halisomeki, namba za nyumba zitasaidia, kwa kuwa tangu mwaka 1805 mitaa inayouacha mto Seine huhesabiwa kuanzia mtoni, na mitaa inayokwenda sambamba na mto hufuata mkondo wa maji, witiri kushoto na shufwa kulia. Ukiona namba 4 na mtaa unapanda mlima, jiulize kama mto uko nyuma ya mpiga picha.

Yapo mambo machache ya kuangalia kabla hujaamini picha yoyote iliyobaki katika bahasha. Negativu ikigeuzwa wakati wa kusafishwa, picha nzima hugeuka kama kwenye kioo. Soma maandishi, na hakikisha kwamba mlango wa basi uko upande wa njia ya waenda kwa miguu. Lakini upande wa barabara wenyewe unaweza kuwa tarehe: Uswidi ilihamia upande wa kulia tarehe 3 Septemba 1967, na mtaa wa Stockholm wenye magari yanayokwenda kushoto ni wa kabla ya siku hiyo. Vivyo hivyo Fifth Avenue na Madison Avenue katika New York zilifanywa za mwelekeo mmoja mwezi Januari mwaka 1966. Rangi usizitegemee sana. Katika picha nyeusi na nyeupe, basi jekundu la London mjini na lile la kijani la vitongojini linaweza kutoa kijivu kilekile, na picha za rangi zilizopauka huelekea wekundu, hivyo basi lililokuwa la kahawia linaweza kuonekana jekundu.

Nakuomba kwa dhati usizipitishe picha hizi kwenye programu zinazodai kung'arisha herufi zilizofifia, kisha ukasoma namba kutoka huko. Programu hizo haziifichui herufi iliyopotea. Zinachora herufi inayofanana na zile zilizojifunza, na namba ya usajili iliyochorwa hivyo itakupeleka kwenye gari ambalo halikuwepo mtaani siku ile. Kama negativu zipo, skani negativu badala ya picha iliyosafishwa, maana ina maelezo mengi zaidi, na soma maandishi kwa kukuza tu.

Unapoandika nyuma ya picha, tumia penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya. Andika unachokiona mbali na unachokikisia. Kwa ya kwanza, ningeandika: "London, basi la familia ya RT, njia ya 11, trolibasi kazini, zebra, Mini: kati ya Agosti 1959 na Mei 1962, majira ya baridi kwa kivuli, huenda ni Hammersmith." Neno "huenda" lisiachwe mpaka paa mojawapo litakapolingana. Kwa ya pili, niskanie upya lile bamba la namba peke yake, kwa ubora wa juu ambao mashine yako inauweza, nami nitalitazama pamoja nawe.